Pampu ya Buluu

Nilipojua niko wawili
niliificha pampu yangu ya pumu ndani ya soksi ya sufi,
soksi ndani ya kasha,
kasha nyuma ya gunia la unga.
Nikajiambia: mama ni yule anayejinyima.

Ilikuwa Januari, huku Bayanhoshuu,
mitaa ya mahema juu ya Ulan Bator,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na moshi wa makaa umeukalia mji
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ukifungua mlango unaingiza moshi wa majirani.
Ukiufunga, unabaki na wako.

Usiku nilikohoa nimeuma mto
Ganzorig asisikie.
Alisikia.
Kifua kilipiga filimbi,
na filimbi haifichiki ndani ya soksi.

Mama mkwe, Pagmasuren, alikuwa na lake:
"Kidonge ni sumu. Mimi nimezaa saba
bila hata cha kichwa."
Waliokua ni wanne.
Hilo hulisema mara chache, ameinamia jiko,
akichochea moto usiohitaji kuchochewa.

Wiki ya ishirini na sita midomo yangu
ikawa na rangi ya barafu ya mtoni.
Ganzorig hakuuliza mtu. Aliwasha gari.

Daktari Handsuren hakunigombeza.
Alinibana kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu:
tisini na moja.
Akanigeuzia kioo niione mwenyewe, akanyamaza,
kisha akasema, kama mtu anayeuliza saa:
"Mtoto hana pua, Narmandah.
Pua yake ni wewe.
Sasa ukijinyima pumzi, umemnyima nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mvuke usoni,
na hewa ikirudi kifuani taratibu,
kama kondoo waliopotea, mmoja mmoja.

Kesho yake akasema nilete kila ninachokunywa,
hata ninachoona haya kukitaja.
Nikamwaga mfuko mezani.
Ibuprofeni niliyopewa na jirani kwa huruma yake
akaisukuma kando: "Mimba imeshapita nusu. Hii hapana."
Parasetamoli akairudisha mkononi mwangu:
"Ikibidi. Kidogo, siku chache.
Lakini kichwa kikigonga na macho yakaona nyota,
usinywe ukalala. Njoo."
Kisha, bila kuinua uso:
"Na mkojo unakuunguza tangu lini?"
Sikuwa nimesema.
Majuma mawili nilikuwa nikiuma meno chooni,
nikidhani ndiyo kodi ya uzazi.
"Si kodi. Ni ugonjwa, na una dawa inayowafaa wote wawili.
Nitaichagua mimi, si muuza duka.
Uimalize, hata maumivu yakiisha kesho."

Mwisho akafungua kifurushi cha bibi yangu,
majani makavu ya nyikani, yamefungwa kwa uzi mwekundu.
Akayanusa. Akayanusa tena.
"Haya siyajui," akasema.
"Na nisichokijua sitakijaribia tumboni mwako."
Iliniuma, nakiri. Uzi ule aliufunga bibi kwa meno.
Nikayatia mfukoni, si mdomoni.

Sasa pampu ziko mbili, juu ya kasha, peupe:
ya kahawia asubuhi na jioni, hata nikijiona mzima,
ya buluu kifua kinapobana.
Nikisha kuvuta ile ya kahawia, nasukutua.

Jana usiku nilivuta, nikashika pumzi, nikahesabu
hadi kumi. Kwenye saba akapiga teke,
kama anayesema: imefika.

Mama mkwe alikuwa macho, upande wake wa hema.
Hakusema neno. Nilisikia birika likigusa jiko,
maji yakimiminwa,
na kikombe cha vuguvugu kikasukumwa sakafuni
hadi kwenye vidole vyangu.
"Sukutua," akasema gizani,
kisha, baada ya kitambo:
"Usiku ule wa yule wa tano,
mimi pia nilipiga filimbi."